UPENYO MDOGO: JIBU KWA KIJANA ANAYESEMA "SHEIKH, MIMI SIBAHATISHI, NAPIGA HESABU"

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, leo nitaandika kirefu. Naomba msome mpaka mwisho, hasa nyinyi vijana, kwa sababu jambo hili sikulitoa kitabuni. Limenifuata mwenyewe mlangoni kwa msikiti.

Miezi kadhaa iliyopita, baada ya swala ya alasiri, alinijia kijana mmoja wa hapa kwetu Buigiri. Ni dereva wa bodaboda, mtoto wa watu wema, na swala ya Ijumaa haimpiti. Jina lake silitaji, na haya ninayoyaandika ameniruhusu niyaandike. Alinishika mkono akaniachia kiganjani shilingi laki moja. Akasema, "Sheikh, hii ni ya bati za msikiti."

Nilifurahi, sifichi. Paa letu mnalijua, mvua ikinyesha tunasogeza mikeka ya kuswalia kama watu wanaohama nyumba. Nikamwombea dua. Kisha nikamuuliza, kama mzee anavyomuuliza mtoto wake, "Mwanangu, mambo yamenyooka? Abiria wamekuwa wengi?" Akacheka. Akasema, "Hapana Sheikh. Hii nimeipata kwenye simu."

Ndipo aliponieleza. Anabeti mpira, na siku hizi amejifunza karata za pokeri, anacheza kwa fedha kwenye simu na watu asiowaona. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni kamari." Naye akanijibu kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Sheikh, kamari ni ya wanaobahatisha. Mimi sibahatishi, napiga hesabu. Natafuta upenyo mdogo tu. Nikiupata, naingia. Nikiukosa, natulia."

Nilimrudishia laki yake. Baadhi ya wazee wa kamati walinung'unika, na ninawaelewa, maana bati hazinunuliwi kwa maneno. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba siku ile sikumjibu hoja yake. Nilisema "haramu" mara tatu, nikaingia ndani. Kijana akaondoka akiamini kwamba Sheikh hana jibu. Leo namjibu yeye na wenzake wote wenye hoja kama yake.

KWANZA, TUITENDEE HAKI HOJA YAKE

Sitaki mtu aseme Sheikh anapinga asichokijua. Nimekaa na vijana wakanifundisha.

Katika pokeri kila mtu ana karata zake mbili alizozificha, na mezani zinafunuliwa tano za wote. Tuseme zimeshafunuliwa nne, nawe unahitaji karata moja zaidi ya kopa ili ushinde. Umeshaziona karata sita, zimebaki 46 usizozijua, na kopa zilizobaki ni tisa. Maana yake utaipata karibu mara moja katika mara tano. Sasa mezani kuna shilingi 9,000, na ili ubaki mchezoni unatakiwa uongeze 1,000. Mjinga ataangalia kwamba mara nne katika tano atapoteza, atakimbia. Mwenye hesabu atasema: mara nne nitapoteza 4,000, mara moja nitapata 9,000, kwa hiyo katika michezo mitano nimebaki na 5,000. Ataongeza.

Huo ndio upenyo mdogo. Tena kuna nyingine: kukaa mahali ambapo wenzako wanacheza kabla yako ukawaona, kumjua nani ana hasira, nani amelewa, nani anacheza na fedha ya kodi ya nyumba na anaogopa. Hesabu hizi ni za kweli. Wako watu duniani wanaozijua vizuri na wanaishi kwa hizo. Sikatai.

Lakini sasa nakuuliza swali moja, mwanangu. Hiyo 5,000 imetoka wapi?

JIBU LA KWANZA: UJUZI HAUONDOI KAMARI, UNAKUFANYA MWINDAJI

Mkulima hodari wa zabibu hapa Chamwino akipogoa vizuri, anavuna zaidi. Uhodari wake haujampunguzia jirani yake hata kichala kimoja. Zabibu zimeongezeka duniani. Fundi seremala akiwa na mkono mzuri, kiti kimepatikana, aliyenunua amekaa na aliyeuza amekula. Kila mmoja ameondoka na alichokitaka.

Mezani kwa pokeri hakuna kilichoota. Watu sita wakija na 10,000 kila mmoja, mezani kuna 60,000. Wacheze mpaka alfajiri, haitakuwa 61,000. Itakuwa pungufu, kwa sababu mwenye meza hukata chake. Kwa hiyo kila shilingi uliyopata kwa akili yako, kuna mwanadamu aliyeipoteza kwa sababu ya upungufu wa akili yake, au uchovu wake, au shida yake. Ujuzi unaojivunia ni ujuzi wa kumtambua aliye dhaifu kuliko wewe.

Na kwenye kubeti ni hivyo hivyo. Nasikia mnasema "leo nimemla Mhindi." Kwanza msiwasingizie watu kabila lao, hilo nalo ni dhambi. Pili, mnajidanganya. Mwenye kampuni hatoi fedha mfukoni kwake kukulipa. Anakulipa kwa fedha za waliochaniwa mikeka jana. Uliyemla ni dereva mwenzako wa kijiweni, ni mama muuza mboga aliyejaribu kwa 500, ni mwanafunzi aliyekula nauli. Hujamla tajiri. Mmekulana wenyewe, naye tajiri amekata ushuru wa sahani.

Wanachuoni wetu wameieleza kamari kwa kipimo chepesi kukumbuka: kila anayeingia, anaingia akiwa ama ni mwenye kupata cha mwenzake, ama ni mwenye kupoteza chake. Angalia kipimo hicho, hakiulizi kama una akili au huna. Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kuliana mali kwa batili, akabakisha biashara ya kuridhiana. Hakusema batili inakuwa halali ikifanywa na mtu aliyefaulu hesabu.

Na mtu asinijie na bao au drafti. Mchezo wa akili bila dau, usiokupotezea swala, wanachuoni wana maneno yao juu yake. Ukiweka dau, kila mmoja 2,000 na mshindi achukue zote, umeshavuka mpaka, hata kama wewe ndiye fundi wa drafti wilaya nzima. Mtume (S.A.W) aliporuhusu zawadi za mashindano, alitaja ngamia, farasi na mshale, mambo ya kuwaandaa watu kuilinda jamii. Hakutaja kumvizia jirani.

JIBU LA PILI: UPENYO UNAOUTAFUTA UNA MWENYEWE

Tuje kwenye hesabu zako, maana umeniambia unazipenda.

Chukua mechi ya timu mbili zinazolingana kabisa, kama kurusha sarafu. Kampuni inaweka namba mnazoziita odi, 1.90 huku na 1.90 kule. Mmoja anaweka 1,000 upande huu, mwingine 1,000 upande ule. Kampuni imekusanya 2,000. Mshindi analipwa 1,900. Imebaki 100, na kampuni haijui hata nani amefunga goli. Huo ndio upenyo mdogo wa kweli: shilingi tano katika kila mia. Hautafutwi na kampuni kwa tochi. Umeandikwa ndani ya namba zenyewe kabla wewe hujafungua simu.

Sasa wewe mwenye akili unafanya nini? Unaunganisha mechi kumi kwenye mkeka mmoja ili namba iwe kubwa. Hujaupunguza upenyo wa kampuni, umeuzidisha juu ya kichwa chako. Piga mwenyewe: 0.95 mara yenyewe mara kumi. Utapata karibu 0.60. Yaani katika kila 1,000 zinazowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo, kwa wastani zinarudi 600 kwa wachezaji, 400 zimekwenda. Umempa mwenye duka kisu, ukamnolea na kumnolea.

Kale kamchezo ka kandege kanakopaa na kulipuka, wenyewe wanatangaza kwamba kanarudisha asilimia 97. Vijana wanafurahi: asilimia tatu tu! Lakini raundi moja ni sekunde chache. Ukizungusha elfu moja mara mia katika jioni moja, umezungusha laki, na kwa wastani 3,000 imekwenda. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mdomo mdogo unaouma kila dakika humaliza mkate.

Utaniambia, "Sheikh, mimi ni tofauti, nitaushinda mfumo." Basi sikia habari za waliokuwa tofauti kweli.

Mwaka 1962 mwalimu mmoja wa hisabati wa Marekani, Edward Thorp, alitoa kitabu akionyesha kwamba katika mchezo wa karata wa ishirini na moja, mtu akizikumbuka karata zilizokwisha toka anaweza kupata upenyo mdogo dhidi ya mwenye nyumba. Alikuwa sahihi. Wenye nyumba walifanyaje? Waliongeza mafungu ya karata, na wenye kuhesabu wakaanza kutolewa nje.

Mwingine ni Phil Ivey, bingwa wa pokeri anayejulikana dunia nzima. Agosti 2012 alicheza katika klabu ya Crockfords jijini London mchezo wa karata uitwao punto banco. Alikuwa ameona kwamba mchoro wa mgongoni mwa karata haulingani kidogo kwenye kingo. Mwenzake akamwomba mgawaji karata azigeuze baadhi, kwa kisingizio cha imani ya bahati, na kwa jicho lake Ivey akaanza kuzitambua kabla hazijafunuliwa. Alishinda zaidi ya pauni milioni saba. Klabu ikakataa kulipa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2017 ikaamua kwamba alichofanya ni udanganyifu. Hakupata.

Simtetei Ivey, wala siwasikitikii wenye klabu. Nataka uone kitu kimoja. Upenyo ukiwa wa mwenye nyumba unaitwa biashara. Ukiupata wewe, unaitwa udanganyifu au unaonyeshwa mlango. Hata kampuni za kubeti duniani hujulikana kwa kuwapunguzia kiwango cha kuweka wateja wanaoshinda mfululizo. Mlango uko wazi kwa anayepoteza. Kama kampuni inakukaribisha kila asubuhi kwa ujumbe na zawadi ya "beti ya bure", jiulize wanakuona wewe ni nani.

Ukiniambia pokeri haina mwenye nyumba wa kushindana naye, ni wachezaji kwa wachezaji, nakukumbusha kwamba mwaka 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, iliwashinda mabingwa wanne wa pokeri. Wewe umejifunza kwa miezi minne, juu ya pikipiki, ukisubiri abiria. Unayecheza naye kwenye simu humuoni. Umeniambia ujuzi ni kumtambua aliye dhaifu mezani. Una uhakika gani kwamba aliye dhaifu si wewe?

TAHADHARI: WAUZA MIKEKA YA UHAKIKA

Wako wanaouza utabiri kwenye makundi ya simu, "mkeka wa leo haukosi, lipia uingie." Hila yake ni ya zamani. Mtu anawatumia watu 800 ujumbe: nusu anawaambia timu hii itashinda, nusu anawaambia haitashinda. Waliokosea anawaacha. Waliobaki 400 anawagawa tena. Kisha 200, kisha 100, mwisho 50. Hao 50 wameona ametabiri sawa mara nne mfululizo. Wanaapa kwamba ana siri. Wanalipa. Naye hajui mpira hata kidogo.

JIBU LA TATU: "LAKINI SHEIKH, NILITAKA KUTOA SADAKA"

Hapa ndipo paliponiuma, maana kijana alileta kwa moyo mzuri.

Sikiliza historia. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na kamari yao iitwayo maysir. Wananunua ngamia, wanamchinja, kisha wanavuta mishale kumi kutoka mfukoni. Saba ina mafungu, mshale wa kwanza fungu moja mpaka wa saba mafungu saba. Mitatu haina kitu. Aliyetokewa na mitupu ndiye anayebeba gharama ya ngamia. Na washindi, kwa fahari yao, hawakula ile nyama. Waliwapa maskini.

Umeona? Kamari ile ililisha wenye njaa. Ndiyo maana Allah katika Suratul Baqara, aya ya 219, hakukataa kwamba ndani yake mna manufaa kwa watu. Alisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha ikateremka aya ya 90 ya Suratul Maida, akaiweka pamoja na ulevi, na akatuamrisha tujiepushe nayo. Kama nyama iliyokwenda kwa mayatima haikuihalalisha, bati za msikiti wa Buigiri zitaihalalisha? Jezi na udhamini wa ligi vitaihalalisha? Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba Allah ni Mwema na hapokei ila kilicho chema. Ni afadhali tuswali tukidondokewa na mvua kuliko tukae pakavu chini ya machozi ya mtu.

JIBU LA NNE: "SERIKALI IMERUHUSU"

Ni kweli. Iko sheria ya mwaka 2003, na iko Bodi ya kusimamia, na sisi tunaheshimu mamlaka. Lakini bia nayo ina leseni, na hakuna Muislamu anayeniambia kwa hiyo ni halali. Tena soma jina la Bodi hiyo vizuri: Bodi ya Michezo ya KUBAHATISHA. Serikali yenyewe imeuita mchezo kwa jina lake. Wewe peke yako ndiye unayesema hubahatishi.

NINI KILIMPATA

Pikipiki ya kijana yule ilikuwa ya mkataba. Kila siku apeleke hesabu kwa tajiri, na akimaliza muda, chombo kinakuwa chake. Alikuwa amelipa miezi kumi. Baada ya siku ile ya laki moja, alishinda tena kidogo, kisha akaanza kuliwa. Siku ya kwanza alichukua hesabu ya tajiri akasema ataifidia kwa upenyo wa jioni. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu tajiri akaichukua pikipiki yake. Miezi kumi ya jua na vumbi la barabara kuu ikaenda. Mama yake hakuambiwa na mwanawe, aliambiwa na majirani.

Aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Sheikh, hesabu zangu zilikuwa sawa. Niliyekuwa si sawa ni mimi." Maana hesabu zinadai mtu asiyeogopa, asiyekasirika, asiye na deni na asiyelala njaa. Maskini hana hata kimoja katika hivyo. Na Allah, katika aya ya 91 ya Suratul Maida, ametutajia shetani anachokitaka: uadui baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Yeye na kuswali. Ukitaka kuhakikisha, angalia safu ya swala ya isha siku ya mechi kubwa.

NASAHA

Mwanangu uliye ndani ya jambo hili: tubu leo. Acha, juta, azimia kutorudi. Futa programu hizo kwenye simu, na namba ya kampuni usiibakize. Aliyemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari", Mtume (S.A.W) amemuelekeza atoe sadaka. Nawe toa katika mali yako ya halali, hata kama ni 500. Fedha ya kamari iliyobaki mkononi, kama mwenyewe humjui, wape wenye shida kwa nia ya kujivua nayo tu, usingojee thawabu. Deni la tajiri ni deni, kaa naye mpange kulilipa.

Wazazi: mtoto akileta fedha nyingi ghafla, msishangilie kabla ya kuuliza. Nami nilishangilia kabla ya kuuliza.

Maimamu wenzangu: tusiishie kusema "haramu" na kuingia ndani. Vijana hawa wana akili, na akili yao inatekwa na watu wanaowasikiliza kuliko sisi. Kijana anayeweza kupiga hesabu ya karata 46 kichwani anaweza kuweka vitabu vya biashara, kupima shamba, kusomesha watoto hisabati. Tumwambie hivyo kabla kampuni haijamwambia vingine.

Kijana wetu sasa anabeba mizigo mnadani, na jioni anawafundisha watoto wa madrasa hesabu za kugawanya. Juzi alinipa shilingi 1,000 ya bati. Niliipokea kwa mikono miwili.

Allah atuhifadhi sisi na vizazi vyetu, aturuzuku halali na aitie baraka hata ikiwa kidogo. Aamin.

Ukiona lina manufaa, mpelekee kijana mmoja unayemjua. Usimpelekee kwa kumkejeli, mpelekee kwa kumpenda.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.